Gumba Chini ya Ukingo

Sufuria za mjomba wangu huwezi kuzikosea. Tazama chini ya ukingo, utakuta kinundu cha ukubwa wa kidole gumba. Kabla ya kumimina alikuwa anabonyeza gumba lake kwenye mchanga wa kalibu, na alumini ikiganda inabaki na umbo lake. Nembo ya kiwanda hana, cheti hana, ana gumba. Na kwa gumba hilo alijipiga kifua miaka thelathini na kitu.

Watu wanamwita Zito, kwa sababu sufuria zake ni nene. Karakana yake ni banda la mabati lenye tanuri la mkaa, feni iliyotolewa kwenye mashine mbovu, na lundo la pistoni, fremu za madirisha na makopo. Mama yangu alikuwa dada yake. Alipofariki, nilikuwa na miaka tisa, mjomba akanichukua na godoro langu bila kumwuliza mtu. Nimekula kwa alumini, nimevaa kwa alumini, na kama leo naitwa mtaalamu wa maabara, ni alumini iliyonisomesha. Nasema haya mapema ili mjue nilichokuwa nacho tumboni siku ile nilipoenda kumwambia.

Mafundi wa sufuria kila mmoja ana siri yake, na wanazilinda kuliko wake zao. Siri ya mjomba aliipata kwa fundi aliyemfundisha: alumini ikishayeyuka, unadondosha kipande cha risasi kutoka kwenye betri kuukuu ya gari. Alikiita kiungo. Alisema bila kiungo alumini haitulii, haiingii vizuri kwenye pembe za kalibu, na sufuria inakosa sauti. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo nilitumwa nikamletee hicho kiungo kutoka kwenye kopo la maziwa, nikakibeba mkononi, halafu nikaenda kula.

Kazini kwetu tunapima maji na vyakula. Mwaka juzi tuliletewa mashine inayoangalia kitu chochote na kukuambia kimejengwa kwa elementi zipi. Mkuu wetu akasema kila mtu alete kitu kutoka nyumbani tujifunzie. Mwenzangu alileta kijiko, mwingine hereni. Mimi kwa kiherehere changu nikaleta sufuria ya mjomba, mpya kabisa, nikaiweka mezani kwa maringo. Mashine ikasoma: alumini, silikoni, chuma, zinki kidogo. Halafu risasi. Mkuu alichemshia humo siki kwa saa mbili, akaipima ile siki. Risasi ilikuwa imehamia humo. Akanieleza kile nilichokuwa nakijua tayari, kwamba inaingia kwenye damu na mifupa, na kwamba watoto wadogo ndio inaowaharibu zaidi, tena akili.

Nilikaa na karatasi ya majibu wiki mbili nzima. Sina la kujitetea. Niliogopa.

Jumamosi asubuhi nikaenda. Mjomba alikuwa anachekecha mchanga. Nilitaka kuanza kwa mbali, nimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini ulimi ulikataa. Nikaitoa karatasi nikamsomea. Alinikata jicho ambalo sijawahi kulipata hata nilipovunja redio yake. Akaniambia nimesomeshwa na hizo sufuria, nimenenepa kwa hizo sufuria, na leo narudi na mashine kumwambia yeye ni muuaji. Akarudi kwenye mchanga wake, akachekecha wee, kama sipo.

Baadaye, bila kunitazama, akauliza kama haiwezekani kuichoma. Yaani azirudishe sufuria kwenye tanuri, aongeze moto, kiungo kiungue kiishe.

Nikamweleza kama nilivyojua. Chumvi ya jikoni ni vitu viwili vilivyoshikana, kimoja ni metali inayolipuka ikiguswa na maji, kingine ni gesi ya kuua mtu. Vikishikana, unatia kwenye maharage. Hiyo ni kampaundi. Ina njia ya kuundwa na njia ya kuvunjwa. Risasi si hivyo. Ni elementi, ni tofali lenyewe. Ukiiyeyusha, ukiichemsha, ukiiponda, hata ukiigeuza moshi, ni risasi ile ile, imehama mahali tu.

Hili hakuna aliyelielewa haraka kama yeye. Maisha yake yote ameyeyusha madirisha yakawa sufuria, na hajawahi kuona alumini ikiisha.

"Kwa hiyo imo humo milele," akasema.

"Imo, mjomba."

Akazima feni. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliingia ndani akamwaga uji uliokuwa jikoni.

Jumatatu mjomba alianza kuzunguka mitaa. Alibeba patasi, nyundo, na gunia la sufuria alizonunua dukani, za kiwandani, nyepesi, ambazo maisha yake yote alizicheka. Alibisha hodi mlango kwa mlango, akaomba aingie jikoni, akapapasa chini ya ukingo. Akikuta gumba lake, anatoboa kitako na kuwaachia moja ya zile nyepesi. Wengine walimshukuru. Wengine walimtukana. Mama mmoja alimfukuza na mwiko, akisema Zito amezeeka vibaya, kachanganyikiwa. Alirudi kwake siku tatu mfululizo mpaka akaitoboa. Jina alilolijenga miaka yote alilibomoa mwenyewe, kwa mkono wake, na kila jioni aliniambia idadi.

Mimi nilimsifu. Niliwasimulia wenzangu kazini. Nilimwona ni shujaa.

Mwezi wa nne wa mzunguko wake alibisha kwangu. Nikamkaribisha chai, akakataa, akaenda moja kwa moja jikoni. Alifungua kabati, akapekua, akainua beseni la plastiki, na nyuma yake akaitoa sufuria aliyoniachia mama, niliyoifunga kwa kanga. Akaifungua pole pole. Akapapasa ukingo.

"Umeipima hii?"

"Sijaipima."

"Mashine unayo."

Ile karatasi nilimpelekea yeye nikamvunja moyo mchana kweupe, na hii nikaificha nyuma ya beseni, kwa sababu sikutaka kujua. Nikasema labda ile ilikuwa kabla ya kiungo, ndiyo ya kwanza kabisa, huenda ni safi.

Mjomba akakaa kwenye kigoda, sufuria mapajani.

"Mama yako alikuwa ametoka kuolewa," akasema. "Nikataka yake iwe nzuri kuliko zote. Nilitia kiungo mara mbili."

Kisha akanipa patasi na nyundo, akaishika sufuria isiteleze. Nilikuwa nalia na yeye alikuwa analia, na hakuna aliyembembeleza mwenzake. Ilikuwa nene, ikabidi nipige mara tano.