Karani Alipochovya Kasia

Kushinda, kama tulivyokubaliana mimi na mwenzangu, kulikuwa ni kufika wa kwanza kwa nguvu ya tanga peke yake. Kasia liliruhusiwa kuwamo chomboni, kwa kuwa Ziwa Tanganyika haliaminiki, lakini likigusa maji tu, aliyeligusa ameshindwa, hata akiwa mbele. Aliyeona kosa hilo alipaswa kulitaja papo hapo kwa sauti: "Kasia!" Nawaomba mnaosoma mlikumbuke sharti hili, kwa sababu kisa changu chote kimesimama juu yake.

Nimepita miaka themanini. Nilikuwa mwalimu hapa Uvira, mke wangu ametangulia, na nimeomba ukurasa huu wa ushauri usitaje jina langu kwa kuwa watoto wa mtu nitakayemsimulia bado tunakutana nao njiani. Yeye nitamwita Karani, kwani alikuwa karani kwenye gati la Kalundu.

Uhuru ulipokuja, Wazungu waliondoka na kuacha ufuoni vyombo viwili vidogo vya tanga walivyokuwa wakichezea. Kimoja nilikichukua mimi, kingine Karani. Hatukuwa wavuvi, na wavuvi wa dagaa wenyewe walitucheka: "Hawa wanazungukaka mu ziwa, hata ndagala moja hawaleti." Sisi hatukujali. Kila Jumapili baada ya ibada tulitoka gatini, tukazunguka boya la chuma na kurudi. "Mwalimu," alikuwa akinipigia kelele akinipita, "umezoea kuona sura yangu, leo angalia mugongo!" Nami nikimpita nilimwambia tanga lake liko na usingizi. Mara moja nilimshuku kwamba amechovya kasia. Hakunisemesha kwa wiki nzima. "Minye siyo mwizi," aliniambia mwishowe. "Siku utanikamata na kasia, weye ujue nimekufa."

Kisha uasi ukafika Uvira. Sitaeleza siasa yake. Wengine wanaijua vizuri kuliko mimi. Nitaeleza woga, ambao niliujua kikamilifu. Mtu alikuwa akiitwa kwa jina asubuhi, na jirani zake wakaacha kulitamka jina hilo. Ndege za serikali zilipiga risasi kila chombo kilichoonekana mbali na ufuo. Ndipo mkuu wa waasi wa gatini akasikia habari za mashindano yetu, akatuita sote wawili.

"Nani kati yenu anashindaka mwenzake?"

Kwa miaka yote hiyo swali hilo tuligombania kulijibu. Siku ile Karani alisema haraka, "Mwalimu ndiye mukali, komanda. Minye naendeshaka tu juu ya kupoteza wakati."

"Hapana, komanda," nikasema. "Karani ananishindaka kila siku ya Mungu."

Askari mmoja alicheka. Komanda hakucheka. "Basi mutashindana kesho," alisema. "Mwenye kufika wa kwanza atapeleka barua zetu ng'ambo. Mwenye kufika wa pili, nitaangalia kama alichelewa juu ya upepo ao juu ya woga. Mwenye woga hatarudi kwake."

Pimeni mtego huo. Kushinda kulikuwa kifo cha katikati ya ziwa, na kushindwa kwa makusudi kulikuwa kifo cha hapo hapo ufuoni. Kesho yake sikuthubutu kulegeza kamba hata kidogo, kwa kuwa niliamini kila jicho gatini linaisoma mikono yangu. Niliendesha kwa uaminifu kamili, na hilo ndilo lililonitisha zaidi: chombo changu kilikwenda vizuri kuliko siku yoyote. Tulizunguka boya mimi nikiwa mbele. Ufuo ulinijia kwa kasi, na kila nilipoutazama niliona mahali nitakapokabidhiwa barua.

Hatukuwa mbali na gati upepo ulipokatika. Hutokea hivyo upepo wa ziwa unapokoma kabla ule wa milimani haujashuka. Tanga likaning'inia kama shuka kwenye kamba. Nyuma yangu nikasikia maji yakipigwa. Nikageuka. Karani alikuwa amepiga magoti, kasia mikononi, akivuta kwa nguvu zake zote.

"Kasia!" nilipiga kelele. Sikufikiri, ulimi ulilikumbuka sharti.

Alinipita karibu kabisa, bila kunitazama. "Enda unishitaki, Mwalimu," alisema.

Komanda hakuwa na habari ya sharti letu. Aliona mmoja amefika na mwingine amebaki akilalamika. Aliniambia, "Weye ulitaka kweli kushinda. Rudi kwako." Jioni ile ile Karani alipewa barua, akatweka tanga. Hakuonekana tena, yeye wala chombo. Tangu siku hiyo sijapanda chombo chochote, na alasiri upepo unapotulia ghafla, shingo yangu inapata baridi.

Mjane wake alikimbilia Burundi na watoto, akarudi miaka mingi baadaye. Sasa yuko mtaa wa Songo, hapa hapa Uvira, kwa binti yake, mgonjwa. Juma lililopita aliniita. "Shemeji," aliniambia, "minye nimebakia na hasira yake mpaka nikazeeka. Watu walisema aliniacha na watoto juu ya sifa ya kufika mbele. Weye ulikuwa pale. Alikushinda ao alikuponyesha?"

Nilimwambia nitarudi. Nikisema aliniponya, huenda atamsamehe mumewe, lakini atakuwa ananitazama mimi, ambaye watoto wake walikosa baba ili niishi. Nikisema alishindwa na tamaa, nitamhukumu marehemu kwa jambo nisilolijua. Huenda alijua nitapiga kelele, na kwamba kelele hiyo itanikinga. Huenda pia hakuvumilia kuuona mgongo wangu, hata siku ile.

Nishaurini nimjibu nini, ninyi mnaopima mambo kwa utulivu nisioupata. Kwa sharti letu, siku ile nilishinda mimi. Mtu ambaye hakuwahi kuchovya kasia alilichovya kwa ajili ya nani?