Mkono wa Kulia wa Kasyoka

Wivu wa watu wengi huja ukapita kama mafua. Wa Kasyoka ulihamia na vyombo vyake, ukakaa nasi hapo saluni karibu mwaka mzima, na sote tukajifunza kuupisha njia.

Saluni yetu iko ghorofani, Nairobi, barabara ya Ngong, ukivuka tu kutoka Adams Arcade. Mimi, Mama Quincy, nasuka nywele upande wa sinki. Kasyoka anatengeneza kucha karibu na mlango. Ni Mkamba wa Mwingi, mama wa mtoto mmoja aitwaye Mbaluka, na mikono yake ni mizuri kuliko sura yangu na yake tukizichanganya. Hayo si matani matupu. Katika kazi ya kucha, mikono ya fundi ndiyo bango lake. Mteja akiketi, kabla hajauliza chochote, anaangalia vidole vya huyo atakayemshika. Kwa hiyo Kasyoka hajawahi kuonekana na kucha zisizo na rangi, hata kanisani, hata matangani.

Tena kuna jambo ambalo watu wa nje hawalijui. Fundi wa kucha hawezi kujitengeneza mkono anaofanyia kazi. Wa kushoto ataupaka mwenyewe vizuri, lakini wa kulia ukipakwa kwa mkono wa kushoto, utadhani umepakwa na mtoto wa chekechea. Ndiyo maana kila fundi huwa na mwenzake wa kumtengenezea mkono wa kulia. Wa Kasyoka alikuwa Nthenya.

Nthenya aliletwa na Kasyoka mwenyewe, binti wa jirani yao kule nyumbani. Alimfundisha kushika brashi, kusugua kwa tupa bila kuumiza nyama, kukausha rangi ya jeli kwenye taa. Alimfundisha vizuri mno, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Msichana ana mkono mwepesi. Wateja wakaanza kumpita Kasyoka pale mlangoni, macho yakitafuta dirishani alikoketi Nthenya. Mmoja alisema kwa sauti, "Leo nataka yule mdogo." Kasyoka akacheka pamoja na wote. Kisha akaingia chumba cha nyuma akaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Mteja aliyebaki wa Kasyoka peke yake ni Madam Veronicah wa Kitisuru. Huyo haji saluni. Fundi ndiye anayemwendea na kisanduku chake, akafunguliwa geti, akaketishwa kwenye veranda, akaletewa chai kabla ya kazi. Kasyoka akirudi kutoka Kitisuru alitusimulia mpaka rangi ya vikombe. Mara moja tu Veronicah alipitia saluni akiwa na haraka, Kasyoka akiwa na mteja mkononi, ikabidi Nthenya amrekebishie ukucha uliovunjika. "Una mkono mzuri wewe," Veronicah alimwambia wakati wa kuondoka. Maneno hayo Kasyoka aliyabeba kwa miezi. Nilimsikia akiyarudia peke yake huku akikoroga chai, kwa sauti ya Veronicah kabisa.

Mstari ulionwa kwanza na Nthenya, na hapo mambo yakawa magumu kuliko yalivyostahili. Ulikuwa mstari mweusi kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, umetoka kwenye shina la ukucha ukanyooka mpaka ncha. Nthenya aliuona kila alipotoa rangi ya zamani ili apake mpya. Kasyoka hakuuangalia. Akipakwa yeye hutazama simu.

"Mama Mbaluka, hii laini imekuwa kubwa," Nthenya alimwambia siku moja. "Haikuwa hivi."

"Hiyo ni ya ukoo. Mamangu alikuwa nazo."

"Kwa vidole ngapi?"

"Sikumhesabu mamangu vidole."

"Yako iko kwa kimoja tu, na inapanuka. Si uende uonwe?"

Ni kweli wengi wetu tuna mistari ya namna hiyo, na ni weusi wetu tu. Lakini kwa kawaida inakuwa kwenye vidole kadhaa, imekaa miaka, haitembei. Kasyoka ameshika mikono mingi kuliko sisi sote na alilijua hilo. Angeambiwa na mtu mwingine yeyote, angeenda. Aliyemwambia ni Nthenya, na yeye akasikia kitu kingine kabisa.

Nthenya naye si mtu wa kuacha jambo. Alimuuliza mteja wake mmoja, Rachael, ambaye ni nesi, na Rachael akasema mstari unaopanuka kwenye kidole kimoja hausubiriwi. Akamwelekeza kwenye kliniki moja Westlands ambako daktari wa ngozi huja Ijumaa peke yake, na baada ya Ijumaa hiyo angeenda likizo ndefu. Bila kumuuliza mwenyewe, Nthenya akapiga simu akaandikisha jina la Kasyoka.

Ijumaa hiyo ndiyo siku ambayo Kasyoka alikuwa ametakiwa Kitisuru. Binti wa Veronicah alikuwa anaolewa Jumamosi, na bibi harusi, wasimamizi wake na mashangazi wote walikuwa watengenezwe kucha siku moja, nyumba moja. Kasyoka alikuwa ameisubiri kazi hiyo tangu posa. Mashangazi wale wangemwona akifanya kazi, wangeomba namba yake, na habari ya kupitwa mlangoni ingekwisha.

"Umeona?" akaniambia, amenikamata mkono hata chanuo likaanguka. "Ijumaa! Siku zote za Mungu, ni Ijumaa. Mimi niko kwa daktari nimetolewa rangi, yeye yuko Kitisuru anakunywa chai yangu."

"Chai ni ya Veronicah," nikamjibu.

"Mama Quincy, usinichekeshe. Huyu mtoto ananitakia ugonjwa ili achukue nyumba yangu ya Kitisuru."

Kuanzia hapo akamnyima Nthenya mkono wake. Alijipaka mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, rangi nyekundu iliyokolea ili mstari usionekane. Matokeo yake yalikuwa aibu. Rangi ilivuka mipaka ikapanda kwenye nyama, kidole gumba kikawa kama kimechovywa kwenye mchuzi. Wateja waliangalia mkono ule, wakaangalia dirishani. Kasyoka akaona wanavyoangalia, na wivu ukashiba zaidi. Nthenya alipomsalimia asubuhi, alijibiwa kwa kichwa.

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa Busia, sijui kuzunguka jambo. Nikamwambia mbele ya kettle ya chumba cha nyuma kwamba anafanya ujinga, kwamba kidole ni chake, si cha Nthenya. Akanitazama kama nimesaliti nchi.

"Nitaenda mwezi ujao," akasema. "Nikishamaliza Kitisuru."

"Daktari hatakuwepo mwezi ujao."

"Kwani Nairobi ina daktari mmoja?"

Akachukua kikombe chake akarudi mlangoni.

Jumatano asubuhi alifika mapema kuliko wote. Nilimkuta chumba cha nyuma, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, pamba na chupa ya asetoni miguuni. Alikuwa ametoa rangi ya mkono wa kulia apake upya kwa ajili ya Kitisuru. Alinyoosha kidole gumba tu.

Weusi ulikuwa haujaishia kwenye ukucha. Ulikuwa umepanda kwenye ngozi, pale nyuma ya shina, kama wino uliovuja. Mimi si nesi, lakini hata mimi niliona kwamba hiyo si ya ukoo.

"Naogopa," akasema Kasyoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno hilo. Kisha, kabla sijamshika bega, akaongeza, "Na yeye ndiye alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo linaniuma zaidi."

Nikamwambia sawa, uumwe na hilo, lakini Ijumaa tunaenda Westlands, mimi nawe. Akakubali. Nikadhani tumemaliza. Kumbe mwenye wivu akikubali jambo, anakubali robo. Akachukua simu na badala ya kumwita Nthenya, ambaye alikuwa anapanda ngazi wakati huohuo, akampigia Dalmas, fundi wa kucha anayefanya kazi Westlands, aende Kitisuru badala yake. Walijuana zamani. Dalmas anazungumza sana na kazi yake ni ya kawaida.

"Dalmas? Dalmas atawaongelesha wale mashangazi mpaka walale," nikamnong'oneza.

"Afadhali Dalmas," akanijibu, mkono ameziba simu. "Dalmas hawezi kupendwa kuliko mimi."

Dalmas akakubali mara moja. Ikabaki kumwambia mwenye nyumba. Kasyoka akampigia Veronicah, akaweka simu kwa sauti kubwa kwa kuwa kidole gumba hakutaka kukigusisha kitu. Akamweleza kwamba ana shida ya mkono, kwamba daktari anamwona Ijumaa, kwamba atamtuma kijana mzuri sana anayeitwa Dalmas.

"Pole sana, Kasyoka, uonwe upone," Veronicah akasema. "Lakini huyo Dalmas simjui. Kwa nini usinitumie yule msichana wenu wa dirishani? Wacha nikuambie ukweli, usikasirike. Nilimtaka tangu siku ile alinirekebishia ukucha. Nilimpigia mara mbili aje kwangu."

Nilimwona Kasyoka akifumba macho. Nilijua anachosema moyoni: nilijua, nilijua, nilijua.

"Alikataa," Veronicah akaendelea. "Mara zote mbili. Akaniambia Kitisuru ni ya Mama Mbaluka, hawezi kukanyaga mpaka Mama Mbaluka aseme mwenyewe. Sasa si useme?"

Kettle ilikuwa inachemka. Hakuna aliyeizima. Kasyoka alijibu, "Sawa, Madam. Atakuja yeye," akakata simu, akaketi tena kwenye ndoo.

Nilitarajia alie, au aende amkumbatie msichana. Hakufanya hata moja.

"Angekuwa mwizi ingekuwa rahisi," akasema. "Mikono mizuri anayo. Umri anao. Sasa na roho pia anayo? Mimi nimebakishiwa nini?"

Alienda dirishani akamwambia Nthenya, bila kumtazama, kwamba Ijumaa aende Kitisuru. Nthenya akauliza, "Na wewe unaenda kwa daktari?" Kasyoka akasema ndiyo. "Asante Mungu," akasema Nthenya, akarudi kwenye kazi yake.

Daktari wa Westlands alikuwa mwanamke mdogo mwenye sauti ya chini. Alikiangalia kidole kwa lenzi yenye taa, akakigeuza, akakirudia. Akauliza mstari ulianza lini na mwaka jana ulikuwa na upana gani. Kasyoka akakitazama kidole chake. Hakujua. Mwaka mzima alikuwa ameufunika na kutazama simu.

"Anayejua ni mwenzangu wa kazini," akasema, na nilisikia ilivyomgharimu. "Yeye ndiye aliyeuona."

"Ulikuja kwa sababu yake?"

"Ndiyo."

"Una bahati kuwa naye," daktari akasema, akivaa glavu. Akaeleza kwamba inaweza kuwa jambo la kawaida na inaweza kuwa saratani ya ngozi iliyojificha chini ya ukucha. Kwa macho hawezi kuamua. Lazima akate kipande kidogo kiende maabara. Kama ni kibaya, kukijua sasa kunaweza kuokoa kidole, na kidole si kitu pekee cha kuokoa. Kasyoka akauliza kama ataweza kushika brashi. "Si hivi karibuni," daktari akajibu. Akampiga sindano ya ganzi.

Tulitoka amefungwa bendeji nyeupe, kidole kimesimama peke yake. Tukaketi kwenye benchi nje ya kliniki kusubiri teksi. Magari ya Westlands yalikuwa yamekwama na honi zilikuwa nyingi. Kasyoka akatoa simu akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, polepole, akifuta na kuandika tena. Nilichungulia, sikujizuia.

Alikuwa anamwandikia Nthenya. Alimwambia kwamba Veronicah hapendi kucha za mraba, apewe mviringo hata akisema hajali. Kwamba kidole chake kidogo cha kushoto kina maumivu ya mifupa, kishikwe taratibu. Kwamba asiulizwe habari za mwanawe Lenox, wamegombana. Kwamba shangazi mkubwa ndiye wa kuanza naye, si bibi harusi, la sivyo kutakuwa na kununiana. Yote aliyoyakusanya kwa miaka mingi kwenye veranda ile, yale ambayo hata mimi hakuwahi kuniambia, akayaweka kwenye ujumbe mmoja akayatuma.

Jibu lilikuja kabla teksi haijafika. Nthenya alikuwa Kitisuru wakati huo, mbele ya mashangazi, na ile chai huenda ilikuwa imeshamiminwa. Hakujibu lolote kuhusu mraba wala mviringo. Alikuwa ameandika: "Daktari amesemaje kuhusu kidole?"

Kasyoka aliusoma. Akaniwekea simu mapajani niusome nami.

"Mimi ningekuwa yeye," akasema, "nisingeuliza."

Akaanza kulia, si kidogo, mpaka askari wa geti akageuka kututazama. Nikamuuliza kama ganzi imeisha, kama kinauma.

"Si kidole," akasema. "Namwonea wivu, Mama Quincy. Bado namwonea wivu."