Siku Kondo Alipomvusha Joha

Kondo hakuwa mtu wa maji. Alizaliwa Kilosa, kwenye kambi ya reli, mtoto wa Mzaramo aliyekuja bara kupasua mawe ya tuta na asirudi tena pwani. Mto Mkondoa aliujua kama watu wengi wa Kilosa walivyoujua, yaani kwa kuukimbia kila ulipofurika. Ujana wake aliumalizia kwenye mkonge, upande wa Kimamba, akikata majani na kufunga mizigo, miiba ikimchora mikono mpaka mikono yenyewe ikazoea. Baadaye alipata kazi katika genge la reli. Akawa mtu wa kutembea na nyundo begani, akikaza pale palipolegea.

Mkewe alifariki kwa homa Joha angali ananyonya. Ndugu wa pwani walituma pole, na pamoja na pole wakatuma ushauri: mtoto apelekwe kwao. Kondo hakukubali wala hakukataa. Alikuwa bado anawaza, na huku anawaza, jirani yake wa chumba cha pili akamchukua yule mtoto, akamfunga mgongoni, akaenda naye kisimani. Kesho yake akafanya vilevile. Huyo alikuwa Gaudiosa, Mngoni aliyeletwa Kilosa na mume wa manamba, vibarua wale wa mkonge, kisha mume mkataba ukamwishia akaenda zake bila kuaga. Hakuna aliyemwomba Gaudiosa amlee Joha. Joha alikula kwake na kulala kwa baba yake, na ulipofika umri wa kusoma, Gaudiosa mwenyewe ndiye aliyempeleka chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Alikaa nje akimngoja, rozari mkononi, kisha wakarudi pamoja wakipita sokoni.

Basi Joha akakua, akaposwa na Mwinshehe, kijana mpole wa stesheni ya Kidete, kazi yake kupeperushia treni bendera. Kwa desturi harusi ingefungwa Kilosa, kwao bibi harusi, lakini mama yake Mwinshehe alikuwa amekwisha nguvu za miguu, hatoki nje ila kwa kubebwa. Kondo akasema, "Mimi nina miguu. Tutakwenda sisi." Ndivyo walivyokubaliana, na siku ikawekwa katika mwezi wa Shaabani ili wawahi kabla Ramadhani haijaingia.

Mwaka huo masika yalikuja kwa hasira. Karibu na Kidete, pale bonde linapopanuka, Mkondoa ulitoka kwenye njia yake ukakutana na ziwa dogo la Gombo, vyote viwili vikawa kitu kimoja. Tuta la reli likamezwa. Treni kutoka Kilosa ikawa inaishia ukingoni, na kuanzia hapo Waingereza wa reli walileta boti ndogo yenye mashine nyuma, ya kuvusha barua, dawa na abiria wachache mpaka upande wa pili, ambako reli iliibuka tena.

Kondo, Joha na Gaudiosa walishuka hapo alasiri, na mzigo wao: sanduku la vyombo, gunia la mchele na godoro jipya. Kondo alisimama akatazama. Alipajua mahali hapo kwa kupatembea. Aliwahi kukaza reli hapo hapo, akala kiporo chake chini ya mgunga ambao sasa alikuwa anauona matawi ya juu tu. Upepo ulikuwa unapiga, na maji yale mekundu yalikuwa yanakunjamana kama ngozi ya mzee. Nguzo za simu zilikwenda moja moja mpaka zikawa kama njiti. Upande wa pili haukuonekana vizuri.

Mwenye boti alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, amevaa koti la reli lililokatwa mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye nahodha?"

"Nahodha ni jina kubwa kwa chombo hiki. Naitwa Lupakisyo. Kwetu Rungwe, kule chini kandokando ya ziwa Nyasa."

"Na maji haya unayajua?"

"Nalijua ziwa la kwetu. Haya yamekuja juzi, hata jina hayana. Chini yake kuna reli, kuna miti, kuna mashamba ya watu. Nimevuka mara nyingi nikafika. Zaidi ya hapo siwezi kukwambia."

Kondo alipenda kwamba hakusifu boti yake. Akamuuliza tena, "Una mtoto wa kike?"

"Ninaye, mdogo."

"Ungempakia humu?"

Lupakisyo alitazama maji, akamtazama Joha aliyekuwa amejifunika kanga mpaka machoni, akalitazama sanduku. "Ningempakia," alisema. "Lakini si saa hizi na upepo huu. Na si pamoja na sanduku lile."

Karani mmoja aliyekuwa hapo akinung'unika kwamba abiria wanacheleweshwa alisema boti imeandikwa watu sita, na watu hao watatu na sanduku lao hawazidi sita. Lupakisyo akamwambia kwa upole kwamba aliyeandika hakuandika upepo. Hakuna aliyevuka jioni ile. Watu walikaa ndani ya behewa, wakala walichokuwa nacho, na Kondo akapata muda wa kupima jambo lake.

Alilipima huku na huku. Wangerudi Kilosa, harusi ingengoja mpaka baada ya Idi. Harusi ikichelewa haifi, mtu akizama ndiyo basi. Hilo lilikuwa wazi kama jua. Lakini ng'ambo ile mbuzi wamekwisha funguliwa kamba, wageni wamekwisha fika kutoka vilimani kwa miguu, na kuna mama mmoja asiyetembea amekaa kitandani anaulizia mkwe wake. Na nani alijua kama maji yangepungua baada ya Idi? Akamgeukia binti yake. "Wewe unasemaje?"

"Baba, ukisema turudi nitarudi, na sitanuna."

Angeshindana naye ingekuwa nafuu. Mtu akikubishia unajua pa kusimama. Joha alimwachia uzito wote mkononi, na Kondo akauona uzito huo kuwa mkubwa kuliko reli yoyote aliyowahi kuinua.

Asubuhi upepo ulikuwa umelala. Lupakisyo alikuwa anapakia mfuko wa barua na kreti la dawa. Kondo akamwendea. "Nivushe mimi kwanza, peke yangu, kisha unirudishe. Nataka kujua ninampakia mwanangu kwenye nini."

"Panda, mzee," alisema Lupakisyo. Hakuuliza zaidi.

Mashine iliwaka kwa kuvutwa kamba mara mbili tatu, ikanguruma, boti ikaanza kuchana maji. Mwanzoni Kondo aliona si kitu. Walifuata nguzo za simu, nyaya zikipita juu ya vichwa vyao karibu kiasi cha kuguswa. Kisha wakafika katikati, pale mto wenyewe ulipokuwa unapita chini ya lile ziwa la mafuriko, na Kondo akausikia kabla hajauona. Boti ilitikisika kama mtu aliyeguswa bega. Papo hapo mashine ikakohoa, ikanyamaza.

Majani yalikuwa yamejisokota kwenye pangaboi, lile bawa la chuma linalozunguka chini ya maji. Boti ikageuka ubavu, ikaanza kuchukuliwa.

"Mzee," alisema Lupakisyo, sauti yake ileile ya jana, "nguzo inakuja upande wako. Ishike, usiiachie."

Kondo aliikumbatia. Boti ilitaka kumtoka chini ya miguu, mto ukiivuta huku yeye akiivuta kule, magoti yamebana mbao za kukalia, mikono imefungamana nyuma ya nguzo. Maji yakaruka ukingo, yakamlowesha kiuno. Mbele ya macho yake alimwona Joha amekaa hapo alipokaa yeye, na Gaudiosa ameshikilia sanduku, na sanduku linateleza. Hakuweza kuomba dua ndefu. Alisema "Ya Rabi" tu, akarudia.

Nyuma yake Lupakisyo aliinua mashine, akachomoa kisu, akakata majani fungu baada ya fungu bila kuharakisha. Mashine ilipowaka tena, Kondo ilibidi aambiwe mara mbili aiachie nguzo.

Ng'ambo, Mwinshehe alikuwa anangoja ukingoni na nduguze. Alimwamkia mkwewe, akaona nguo zilivyoloa na kifua kilivyochunika, akataka kuuliza. Kondo akamtangulia. "Nitafutie kamba ndefu ya mkonge na ndoana ya chuma. Na mti mrefu wa kusukumia. Upesi, kabla ya upepo." Vikaletwa, wakarudi navyo. Njia nzima ya kurudi Kondo alikuwa anatazama maji, na Lupakisyo akimwonyesha kwa kidole: pale majani, pale mkondo, pale kimya.

Aliwakuta wanawake wamesimama palepale alipowaacha. Angeweza kuwaambia safari ni nzuri, au angeweza kuwaambia warudi Kilosa bila kutoa sababu. Badala yake alikaa chini akawasimulia yote, hata kwamba aliambiwa mara mbili aiachie nguzo.

"Basi hatuendi," alisema Gaudiosa.

"Sijasema hivyo, dada. Jana nilikuwa naogopa kila kitu. Leo naogopa majani, naogopa ule mkondo wa katikati, na naogopa mzigo. Mzigo tunauacha. Kwenye majani Lupakisyo atazima mashine aiinue, nami nitasukuma kwa mti. Kwenye mkondo tutapita upande wa juu wa nguzo, ili tukichukuliwa tuchukuliwe kuziendea, na ndoana hii tutaitupia waya wa simu." Akamgeukia Joha. "Hatari haijaisha, mwanangu. Nimekuambia yote ninayoyajua. Sasa sema wewe, na lolote utakalosema ndilo."

Joha aliuliza neno moja tu, na hakumuuliza baba yake bali Lupakisyo. "Tukipinduka, mama atashika nini?"

Mama aliyemtaja ni Gaudiosa. Gaudiosa akageuza uso.

Lupakisyo alikwenda nyuma ya behewa akarudi na madebe mawili ya mafuta, matupu, vifuniko vimebanwa barabara, kila moja limefungwa kamba ya kupitisha kwapani. "Hili la mama, hili lako," alisema. "Debe tupu halizami. Mkianguka, msipigane na maji, lilalieni kwa kifua."

"Twende," alisema Joha.

Walivuka. Gaudiosa alipakata debe lake kama alivyowahi kumpakata mtoto, akitaja majina ya watakatifu wote aliowajua na, kama alivyokiri baadaye, wengine wawili watatu ambao si watakatifu. Kwenye majani mashine ilizimwa, Kondo akasukuma. Kwenye mkondo boti ilitikisika tena kama mtu aliyeguswa bega, Joha akashika mkono wa baba yake, nguzo zikapita moja, nyingine, nyingine. Ndoana haikutupwa. Kisha kina cha maji kikawa kifupi, na Mwinshehe na nduguze wakaingia mpaka mapajani kuipokea boti. Kondo alipoikanyaga nchi kavu aliinama akagusa tope kwa viganja viwili, akajipaka usoni.

Nikahi ilisomwa mchana huohuo. Mchele ulikuwa umebaki ng'ambo, hivyo wageni walikula ugali na nyama ya mbuzi, na hakuna aliyelalamika. Ulipofika wakati wa kutoa mkaja, zawadi ya mama wa bibi harusi, shangazi mmoja wa Mwinshehe aliinuka na doti mbili za kanga mikononi, akauliza mama yuko wapi au nani anapokea badala ya marehemu.

"Mama yake huyu hapa," alisema Kondo, akimwonyesha Gaudiosa.

Gaudiosa akarudi nyuma. "Kaka Kondo, mimi si wa dini yenu. Na mkaja ni wa tumbo lililozaa. Mimi sikumzaa."

"Ni wa mgongo pia," alisema Kondo.

Kutoka kitandani alikolazwa mlangoni ili aone shughuli, mama yake Mwinshehe akasema, "Mpeni. Anayebishana na hilo aje anibebe mimi siku moja tu, aone." Watu wakacheka, na kanga zikawekwa mapajani mwa Gaudiosa, naye akalia waziwazi, bila kujificha.

Kondo alirudi kesho yake asubuhi kwa boti ileile, na bakuli la nyama alilomchukulia Lupakisyo. Walikula pamoja ukingoni kabla ya kuondoka.

"Nakushukuru kwa kutuvusha," alisema Kondo. "Lakini zaidi nakushukuru kwa juzi, ulipokataa."

Lupakisyo alitafuna kwanza. "Hilo hawanishukuru wengi, mzee. Mtu akifika hukumbuka kufika. Akizuiwa hukumbuka kuzuiwa."

"Mimi nitalikumbuka."

Na alilikumbuka. Maji yalipopungua, genge la Kondo lilipelekwa kulijenga tuta upya, na Lupakisyo akahamishiwa kwingine pamoja na boti yake. Wengine walisema Rufiji, wengine walisema amerudi kwao. Hawakuonana tena. Gaudiosa, miaka ilipomlemea, alihamia Kidete kwa Joha, akapewa chumba kinachotazama stesheni. Kila mwisho wa mwezi Kondo alikwenda kuwaona kwa treni, na treni ilipolipita bonde lile abiria wenzake walizoea kumwona mzee mmoja akinyanyuka kwenye benchi, akisimama kimya dirishani mpaka bonde liishe, kisha akikaa na kuomba radhi kwa aliyemkanyaga.