Damu ya Mwenye Nyumba

Pale kliniki ya wanyama walimwita Mama Vichupa, kwa kuwa miaka ishirini nzima kazi yake ilikuwa kupokea damu, kuipima na kuosha vichupa. Damu ya mbwa, ya ng'ombe, ya paka. Ya kobe ilikuwa ya mmoja tu, naye alikuwa wake. Au tuseme ukweli, alikuwa wa dada yake.

Walimwokota pamoja utotoni, dada akampa jina la Mwenye Nyumba, maana hakuna aliyewahi kumkuta hayupo kwake. Dada alipoolewa nchi ya mbali, alimshika mdogo wake mkono pale mlangoni akamwambia, "Nitunzie Mwenye Nyumba." Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Kila Jumapili simu ikilia, swali la kwanza lilikuwa lilelile: "Mwenye Nyumba hajambo?" Mama Vichupa alijibu hajambo, kisha akangoja naye aulizwe. Siku nyingine aliulizwa. Siku nyingine salio liliisha kabla.

Kobe ni kiumbe msiri. Ataugua mwaka mzima na gamba liking'aa vilevile. Kwa hiyo kila mwaka Mama Vichupa alimtoa damu kidogo, akaizungusha kwenye mashine mpaka wekundu ukatulia chini, juu yakabaki maji ya manjano. Protini za mwili zimo humo. Daktari huchukua tone la maji hayo, akalidondosha kwenye utando mwembamba na kupitisha umeme. Protini hutembea, kila moja kwa mwendo wake, na zikitiwa rangi huonekana kama mistari. Mstari wa lishe ukififia, mwili unaisha. Mistari ya kinga ikivimba, kuna ugonjwa umejibanza ndani.

Mwaka huu Mwenye Nyumba aligoma kula siku tisa. Jumatatu Mama Vichupa alimbeba kwenye beseni mpaka kliniki. Kobe akavuta kichwa ndani. Sindano ikapita chini ya gamba, nyuma ya shingo, na kilichotangulia kuingia bombani kilikuwa maji meupe, damu ikafuata baadaye.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafunda wanafunzi: ukiona maji meupe umegusa mshipa wa maji, mwaga, anza upya, la sivyo damu itazimuliwa na kipimo kitakudanganya mchana kweupe. Lakini siku ile alimwonea huruma kumchoma mara mbili. Akaziba kichupa.

Mistari ilitoka hafifu kama wino wa kalamu inayokwisha.

"Mama, hali si nzuri," alisema daktari, kijana mpole ambaye yeye angeweza kumzaa. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu ameficha kitambo."

Mama Vichupa akampigia dada yake palepale. Dada alilia, akapenga kamasi, akasema, "Naomba ruhusa kazini. Jumamosi ya wiki ijayo nipo hapo. Mwambie aningoje, nakuomba, mdogo wangu."

Simu ikakatika. Mama Vichupa akakaa kwenye benchi akilia, na katikati ya machozi akajikuta anatabasamu. Dada anakuja!

Jumanne alifua mashuka, akaanika godoro. Jumatano, akifungua daftari la vipimo, alikutana na mwandiko wake mwenyewe: sehemu nyekundu, tisa kwa mia. Mwaka jana ilikuwa ishirini na sita. Damu ilikuwa imezimuliwa. Alifunga daftari polepole. Hata bila hilo daftari, alilijua jambo hili tangu Jumatatu.

Jioni alipiga magoti asali. Amwombe Mungu nini? Kobe awe mzima, au dada aje?

Alhamisi daktari aliingia na mpira wa kulishia. "Leo tumpitishie chakula kooni, na sindano za dawa tuanze. Ataumia kidogo, lakini tutafanyaje?"

Mwenye Nyumba alichomoza kichwa, akawatazama wote wawili.

"Mwache, daktari," alisema Mama Vichupa.

"Nimwache?"

"Damu ile ilikuwa na maji. Niliyaona, nikanyamaza."

Daktari aliweka mpira mezani. "Wewe? Wewe uliyenifokea mwaka wangu wa kwanza kwa kosa hilohilo, nusura niache kazi nikafuge kuku?"

"Mimi huyuhuyu, mwanangu."

Daktari alitikisa kichwa. Hakumfokea. Alikwenda kabatini akaleta sindano mpya.

Safari hii damu ilikuja nzito, nyekundu. Mistari ikasimama imara, isipokuwa mmoja wa kinga uliovimba kidogo. Wakampanua kinywa, na chini ya ulimi wakakuta kidonda cha mwiba. "Dawa wiki mbili," alicheka daktari, "halafu uliangalie hilo beseni, atalila."

Mama Vichupa alitoka na simu hadi koridoni.

"Dada, ni mzima. Nilikosea kipimo. Na nilijua, nikachelewa kukuambia."

"Mungu mkubwa! Umenitoa roho, wewe! Nimeshajaza nusu ya sanduku." Dada akacheka kwa raha. "Basi ngoja niwarudishie ruhusa yao, bosi mwenyewe alishakunja uso. Nitakuja mwakani, au siyo?"

Hapo ndipo angejibu "Haya," kama alivyojibu miaka yote.

"Usirudishe, dada."

"Kwa nini? Si umesema mzima?"

"Yeye mzima. Mimi nina hamu na wewe. Siumwi, sina cha kukuonyesha kwenye mashine. Nina hamu na wewe tu."

Mbali huko gari lilipiga honi.

"Mbona hukuwahi kusema?" Sauti ya dada ilikuwa imeshuka.

"Kila Jumapili ulianza na kobe."

"Nitamwambia bosi ndugu yangu mgonjwa."

"Usiseme uongo, dada. Uongo wangu wa wiki hii unatosha."

"Basi nitamwambia ndugu yangu ananiita."