Wakubwa Wanne wa Mwalimu Mmoja

Wakati wa Wabelgiji nilifundisha kwenye shule ya misheni karibu na Kasongo, na nilikuwa na wakubwa wanne. Wanne, jamani! Mwalimu mkuu, mkuu wa makatekista, msimamizi wa shamba la pamba la shule, na juu yao padri. Ukitaka ruhusa ya kusafiri, karatasi yako ilipita kwa wote, kila mmoja atie sahihi kwa zamu yake, na ole wako ukianzia pasipofaa.

Mimi nilikosea. Habari ya ugonjwa wa baba ilinikuta shambani, nikampa msimamizi karatasi kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele yangu. Mwalimu mkuu alipoona sahihi ya mwenzake imetangulia, akanuna. "Kumbe mimi niko mutu wa nyuma," akasema, akaifungia karatasi mezani mwake siku tatu. Nilifika kwetu Lusangi nikakuta baba amezikwa jana yake. Nilimchukia yule mzee, sifichi.

Mwaka uliofuata akaja padri mpya. Alitukusanya asubuhi moja, akaninyooshea kidole. "Huyu, mukubwa wake ni nani?" Wazee watatu wakajibu kwa pamoja, "Mimi!" Padri akacheka mpaka akafuta machozi. "Na mimi wa ine! Masikini, anafundisha saa ngapi?" Kuanzia siku ile akakata shauri: mambo ya walimu yaishie kwa mwalimu mkuu, naye amjibu padri. Basi. Nilihisi nimetuliwa mzigo wa kuni kichwani.

Haukupita mwezi, mama akaugua. Hapo furaha yote ikaniishia, maana sasa ruhusa yangu iko mkononi mwa mtu yuleyule. Nikampelekea karatasi. Akasoma, akatia sahihi palepale. Nami nikabaki nimesimama.

"Unangojea nini tena?"

"Sahihi zingine, mwalimu."

"Haziko." Akainamisha macho. "Ile ya baba yako, nilikosa. Enda, mwanangu. Kimbia."

Nilikanyaga baiskeli siku mbili. Nikamkuta mama ameketi barazani, amekonda, anakunywa uji. Alhamdulilahi! Nililia mbele ya majirani bila haya.

"Wamekuachilia namna gani mbio hivi?" akauliza.

"Mutu mumoja tu ameandika, mama."

Akanishika mkono.

"Baba yako alikungojea siku tatu," akasema. Kisha akanisogezea bakuli la uji.