Nilipeleka Daftari la Kota Ofisini

Kosa ni langu, na sitaki mtu anipunguzie. Nilimtoa mama mjane kwenye nyumba yake, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mimi ni muuza dagaa hapa Mwanza. Masika iliyopita mvua ilinikuta mzigo wote umeanikwa mchangani, ikanyesha siku tatu. Dagaa wakaoza. Niliishia kuwauzia wafuga kuku, na hao nao waliziba pua wakati wa kupakia.

Nilikuwa nimepanga chumba kwenye kota za zamani, zile nyumba za umma zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Baada ya hasara ile nikawa nashinda barazani, nawatazama majirani na kuwadharau. Watu hovyo kabisa, nilijisemea. Wanakaa nyumba ambazo hawakuzijenga, rangi imebanduka tangu enzi za baba zao, na bado wanacheka kutwa nzima.

Mama Kabula, mjane mwenye vyumba viwili jirani yangu, ndiye aliyenichefua zaidi. Kila siku aliniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye bakuli. "Kula mwanangu, usijiue kwa mawazo." Nilikula yote, na dharau yangu ikabaki palepale.

Ili kujiliwaza nikaanza kupita nyumba kwa nyumba na daftari, nikiwauliza wazee historia ya kota. Walifurahi mno, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Wakanieleza bomba moja lilivyogombaniwa na mtaa mzima, na jinsi nyumba ilivyokuwa ya mwenye ajira. Baba akifa, familia ilipewa muda mfupi tu wa kufungasha.

"Sasa wajane tungewaacha waende wapi?" aliniuliza Mzee Masalu wa nyumba ya mwisho. "Mkaguzi akija, mimi nakaa mlangoni kwa mjane, naitika jina la marehemu. Nimeshakuwa wanaume wanne mimi."

Wakacheka wote waliokuwa barazani kwake, Mama Kabula akajifuta machozi kwa khanga. Mumewe alikuwa mmoja wa hao wanne. Alikufa zamani, na kodi iliendelea kulipwa kwa jina lake.

Mimi sikucheka. Niliwaza vile vyumba viwili vya Mama Kabula, vikavu, bati zima, pa kuhifadhi dagaa wangu mvua ikija tena. Nikajiambia hawa ni matapeli, mimi ni mtu wa haki. Haki gani hiyo inayoanza kwa kupima chumba cha mtu kwa macho?

Jumatatu nikavaa shati la kanisani, nikalipeleka daftari kwenye ofisi inayosimamia zile nyumba. Karani akanipa kiti na soda. "Kaka, umeandika vizuri sana." Nikavimba kichwa, mpumbavu mimi.

Wiki iliyofuata wakaguzi walikuja na daftari langu mkononi. Mzee Masalu aliwahi kukaa mlangoni kwa Mama Kabula, akaitika jina la marehemu kama kawaida yake. Mkaguzi akafungua ukurasa, akamsomea maneno yake mwenyewe. Mzee akanitazama mara moja tu, akanyanyuka.

Hawakuishia hapo. Walipita kila mlango, na wangu pia, maana hata aliyenipangisha alikuwa anakalia jina la marehemu baba yake. Nyumba tano zilifungwa kufuli. Na mimi, mtu wa haki, nikatolewa na godoro langu kichwani.

Sasa nimepanga Usagara. Mama Kabula yuko Kisesa kwa binti yake, analala chumba kimoja na wajukuu wanne. Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda kumwomba radhi. Nikainama mlangoni.

"Shikamoo mama."

Mama huyu alikuwa akiitikia hata shikamoo za walevi wa stendi ya Buzuruga. Alinitazama, akanisogezea kigoda, akaniletea uji, akasubiri niumalize. Nikaomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Nilipoondoka nikamwamkia tena. Akachukua kikombe changu, akaenda kukiosha. Shikamoo zangu zote mbili hakuziitikia.

Wewe unayesoma, ukiaminiwa siri ya watu, kaa nayo. Na siku utakayojisikia mtu wa haki kupita majirani zako, usitoke ndani kwanza. Jiulize unatamani kuhamia chumba cha nani.