Gari Lisilolala Kwenye Kona

Kama kuna mwanamume aliyewahi kuchukua kitu kizima akakitengeneza mpaka kikaharibika, basi ni mume wa Mama Keki. Mtaa mzima ulimwita Bwana Kona, na yeye, maskini wa Mungu, alidhani anasifiwa.

Alikuwa mtunza stoo wa idara ya maji, kazi ya kukaa kitini na kugawa koki. Maisha yake yote hakuwahi kukimbiza kitu, hata kuku. Lakini siku hizi simu imekuwa shule, na wajinga wanakaa dawati la mbele. Alitazama video za magari ya mashindano mpaka macho yakawa mekundu, kisha asubuhi moja akasimama mbele ya gari lao, mikono kiunoni, akatangaza kwamba linalala sana kwenye kona, yaani linainama upande likikata.

Gari lenyewe lilikuwa la haibridi, lile la injini na betri kubwa, linaloondoka kimya kama limeibwa. Mama Keki ndiye aliyelichagua. Lilikuwa laini barabarani, na buti lake lilikuwa pana na tambarare, sanduku la keki linaingia kama droo. Maana yeye aliishi kwa keki. Alianza na oveni ya mkaa nyuma ya nyumba, akaungua vidole, akachekwa na mawifi, mpaka akafika mahali ambapo bibi harusi anasogeza tarehe ili ampate yeye. Kuoka si kazi, alizoea kusema, kazi ni kuifikisha.

Basi Bwana Kona akalivamia gari hilo. Akatoa springi, akaweka fupi na ngumu, gari likashuka mpaka likawa linanusa lami. Akatoa shokapu, akaweka ngumu zaidi. Chini ya boneti akafunga chuma kirefu kutoka kichwa cha shokapu moja hadi cha nyingine, ati bodi isijipinde. Mkewe alivumilia yote hayo. Lakini siku alipofungua buti akakuta chuma kingine kimekatiza katikati, kimefungwa kwa boliti nene kama vidole gumba, alikaa chini palepale kwenye vumbi.

"Baba, sanduku langu litapita wapi?"

"Mke wangu, hii inaitwa kukaza bodi. Sasa gari limekuwa kitu kimoja."

"Kwani zamani lilikuwa vitu vingapi?"

Bwana Kona akachukua kitambaa akaanza kukifuta kile chuma.

Mama mzazi wa Bwana Kona alilipanda gari hilo mara moja tu, kwenda kliniki. Alishuka ameshika kiuno, akamgeukia mwanawe. "Mwanangu, mgongo huu ndio niliokubebea wewe. Leo ndio unanilipa hivi?" Tangu siku hiyo bibi huyo alipanda magari ya majirani.

Na kona zenyewe ziko wapi? Mji ule ulikuwa na kona moja ya maana, ile ya kituo cha mafuta. Kwingine kote barabara ilinyooka, na ilijaa matuta, kwa sababu kila aliyelalamika kwa diwani alipewa tuta mbele ya nyumba yake. Gari likipanda tuta na watu ndani, tumbo linagota. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake: kabla ya tuta watu wote wanashuka, wanavuka kwa miguu, Bwana Kona analipitisha gari upandeupande kama mtu anayeingiza kabati mlangoni, kisha wanapanda tena. "Tuta, shukeni!" anasema, bila hata chembe ya haya. Watu wa dukani walikuwa wakipiga makofi, naye anawapungia mkono. Kweli, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Ndipo ikaja ile kazi ya ukumbi. Msimamizi wa ukumbi wa harusi alikuwa mama mkali, anatembea na funguo zinaning'inia shingoni, na alikuwa amemfukuza mwokaji wake baada ya keki kufika imeinama mbele ya wageni.

"Dada," alimwambia Mama Keki, "utamu watauona wageni. Mimi nataka kitu kifike kimesimama. Ukinifikishia hii ya Jumamosi, harusi zote za hapa ni zako."

Harusi zote! Mama Keki alilala akiota jiko lake mwenyewe, lenye dirisha. Asubuhi akaenda kuzungumza na jirani mwenye kigari cha mizigo, wakakubaliana. Mumewe aliposikia, alinuna siku nzima.

"Gari lipo nyumbani, unakodi la watu? Mtaa utasema nini?"

"Mtaa ulishasema zamani. Wewe ndiye hukusikia."

Jumamosi alitoka na keki mikononi, tabaka tatu nyeupe, jirani hayupo. Bwana Kona, bila kumwambia mtu, alikuwa amemwendea alfajiri akamweleza kwamba safari imevunjika. Mwanamume mzima! Sasa alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari, ameufungua, anatabasamu.

Mama Keki hakupiga kelele, maana keki ilikuwa mikononi na saa zilikuwa zinakwenda. Kwenye buti haikuingia. Akaipakata.

Wakafika kwenye kona. Bwana Kona akakanyaga mafuta, akakata usukani, na tuseme haki ya Mungu, keki haikutikisika. Gari halikulala hata kidogo.

"Umeona? Umeona lakini?"

Mkewe alikuwa anatazama tuta la kwanza.

Akashuka na keki, akavuka, akasubiri, akapanda. Kupanda kwenyewe kulikuwa mateso, maana kiti kilikuwa chini kama mkeka, na mtu aliyebeba tabaka tatu hana mkono wa kujishikia. Baada ya tuta la pili, alipokuwa akipanda, paa liligusa juu ya keki, ua moja la sukari likaanguka gotini. Machozi yalimlenga. Kwenye la tatu gari likakwama kabisa, tumbo juu ya tuta, kimya, hata hujui kama limezimika au linafikiri.

Bwana Kona akachungulia dirishani. "Mama, hebu weka hiyo keki chini, uje unisukume."

Mama Keki alimtazama vile mtu anavyotazama maziwa yaliyoganda kwenye chai. Kisha akageuka, akaanza kutembea.

Paa la ukumbi lilionekana mbali. Jua lilimchoma utosini, mtu mmoja akataka kumpokea, akakataa. Akavuka tuta, akavuka lingine. Mlangoni akaitua keki mezani, akatoa ua la akiba kwenye mfuko wa aproni, akalibandika.

Msimamizi aliizunguka. "Imesimama," alisema. "Lakini dada, umekuja kwa miguu? Harusi zote hizi utaleta na nini?"

Kabla hajajibiwa, mlangoni aliingia Bwana Kona, jasho tupu, mafuta hadi viwikoni. Nje gari, lililokwisha kukwamuliwa, lilikuwa limesimama na kitu kinaning'inia chini yake. "Mke wangu! Waambie ile kona tulivyoipita!"

"Huyu nani?" aliuliza msimamizi.

"Mtunza stoo," alisema Mama Keki. Akaelekeza kidole nyuma ya ukumbi. "Mama, kile chumba chenye dirisha kina mtu?"

"Kimekaa tu, kina viti vibovu."

"Nipe hicho, niwe naokea humu humu. Keki isiposafiri haianguki."

Msimamizi akavua ufunguo mmoja shingoni, akamkabidhi.

"Na gari je?" Bwana Kona aliuliza, sauti imeshuka. "Tulilinunua kwa ajili ya keki."

"Gari baki nalo, baba. Mimi nitakuwa nakuja kwa miguu, ndiyo inayofika mapema."